Ungenionyesha na Kalavati: Namna ya Kuchagua na Kuandaa Picha za Simulizi Yako

 

Kila mwaka Nane Nane inapokaribia, wengi wenu huniletea simulizi zenu ili tuzibandike ubaoni kwenye banda letu. Mmoja anaeleza alivyoanza na kuku watano wa kienyeji. Mwingine anaeleza alivyonusurika mwaka bei ya vitunguu ilipoanguka akiwa amejaza stoo. Maneno yenu huwa mazuri, kwa sababu mnaeleza mambo mliyoyapitia wenyewe. Shida huja kwenye picha. Yupo anayenitumia picha 40 na kuniambia, "Bwana shamba, utachagua mwenyewe." Yupo anayetuma moja tu, amevaa koti la sherehe, amesimama mbele ya gari lisilo lake, na shamba halionekani kabisa.

Leo tuzungumze namna ya kuchagua na kuandaa picha zinazofuatana na simulizi yako. Lakini kabla sijakuelekeza wewe, nikueleze kosa langu mimi mwenyewe, maana lilimgharimu mtu mbuzi wawili.

Picha yangu ya alizeti

Nilikuwa nimeanza kazi katika kata moja huku mkoani Singida, nina stashahada yangu na hamu ya kuonekana nafanya kazi. Tulilima shamba darasa la alizeti, mbegu chotara, ekari moja kando ya barabara ya vumbi. Mwaka ule mvua zilikatika mwezi wa pili na kurudi kidogo baadaye. Sehemu ya juu ya shamba iliumia: mimea mifupi, vichwa vidogo kama visosi. Sehemu ya chini, kwenye kona inayopakana na barabara, alizeti ilisimama kunizidi mimi urefu, vichwa vikubwa kama sinia.

Nikaandika simulizi ya shamba lile. Niliandika kweli tupu kwamba mvua zilikuwa chache na kwamba baadhi ya mimea iliathirika. Kisha nikaenda kupiga picha. Nilikwenda asubuhi, kwa sababu alizeti ikishakomaa, vichwa vingi hutulia vikitazama mashariki. Ukisimama upande huo asubuhi, jua linakuwa mgongoni kwako na vichwa vyote vinakutazama wewe. Nikasimama kwenye ile kona ya chini, nikapiga picha moja ambayo mpaka leo sijapata nyingine nzuri kama ile. Ndiyo niliyoibandika juu ya simulizi yangu, peke yake.

Picha ile ilizunguka. Watu waliipiga kwa simu zao, wakatumiana. Maneno yangu hayakuzunguka nayo. Neno "mvua chache" lilibaki ubaoni, picha ikaenda vijijini.

Msimu uliofuata, mwezi wa tano, mzee mmoja alinifuata ofisini. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu," akaketi, akatoa simu ya kijana wake na kunionyesha ile picha yangu. Akaniuliza taratibu, "Bwana shamba, hapa ulipigia wapi?"

Nilimwambia ni shamba darasa. Akaniomba twende akapaone. Tulikwenda kwa miguu. Nikamwonyesha kona ile. Mzee hakutazama mimea, maana msimu ulikuwa umekwisha. Alitazama barabara. Chini ya barabara kuna kalavati, na mdomo wake unamwaga maji ya mvua ya upande wa pili moja kwa moja kwenye kona ile. Hata mvua ikinyesha ya nusu saa, kona ile hupata maji ya eneo kubwa la mlimani.

Akaniambia kwamba aliuza mbuzi wawili akanunua mbegu ile, akapanda kwenye shamba lake la kichanga kule juu. Alizeti ilipotoa maua, mvua haikuwepo. Alizeti ikikosa maji wakati wa kuchanua na kujaza mbegu, unavuna vichwa vyenye makapi. Ndivyo alivyovuna.

Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, ungenionyesha na kalavati."

Ndugu msomaji, mbegu ile haikuwa na kosa. Picha nayo haikuchezewa hata kidogo. Kosa lilikuwa kwenye uchaguzi wangu. Nilikuwa na shamba lenye sehemu mbili, nikachagua sehemu moja kwa sababu ilinipendezesha. Tangu siku ile, ninapochagua picha najiuliza swali moja: mtu akiamini picha hii bila kusoma maneno yangu, atafanya nini na fedha yake? Yote ninayokuelekeza hapa chini yanatokana na swali hilo.

1. Andika kwanza, picha baadaye

Usianze kwa kufungua simu na kutafuta picha nzuri. Ukianza hivyo, picha nzuri ndiyo itakayoamua uandike nini. Andika simulizi yako mpaka mwisho, kisha isome polepole kama mtu asiyekijua kijiji chako. Kila unapofika mahali ambapo mtu huyo angeuliza "Kubwa kiasi gani?" au "Mwanzoni ilikuwaje?" au "Hapo ni wapi?", weka alama ya kalamu. Hapo ndipo panapohitaji picha.

Kwa simulizi ya kurasa mbili au tatu, picha tatu hadi tano zinatosha. Zikizidi hapo, msomaji anaacha kusoma na kuanza kupitisha kidole tu. Picha mbili zikisema jambo moja, toa moja. Hata kama zote zinapendeza.

2. Picha ya mbali, ya kati na ya karibu

Katika picha zako hakikisha kuna angalau moja ya kila aina hizi.

Ya mbali inaonyesha shamba lote au banda lote pamoja na kinacholizunguka: kilima, mto, barabara, kisima. Hii ndiyo picha niliyoikosa mimi. Kama ningesimama juu ya tuta la barabara, shamba zima lingeonekana, la juu na la chini, na kalavati nalo lingeonekana.

Ya kati inaonyesha mtu na kazi yake: unapalilia, unapepeta, unapima gunia kwenye mizani. Hapa ndipo msomaji anakufahamu.

Ya karibu inaonyesha kitu chenyewe: jani, mdudu, punje kwenye kiganja, kitunguu kilichokatwa katikati. Picha ya karibu bila kipimo haisemi kitu. Weka kando yake kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, kama kiberiti, kizibo cha soda au sarafu. Mkulima mmoja aliwahi kunitumia picha ya nyanya nikadhani ni za ukubwa wa ngumi. Nilipofika shambani kwake, nilikuta ni kama ndimu.

3. Weka na picha ya pale palipoharibika

Najua hili ni gumu. Nani anapenda kubandika shamba lililokauka? Lakini simulizi yako ina thamani kwa sababu ulipita kwenye taabu ukajifunza. Kama maneno yanasema viwavijeshi vamizi walikula nusu ya mahindi na picha zote ni za mahindi yanayong'aa, msomaji ataamini picha.

Tena picha ya tatizo ndiyo inayomsaidia jirani yako. Kiwavijeshi vamizi ana alama ya rangi nyepesi kichwani yenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba. Ukimpiga picha ya karibu, alama hizo zikaonekana, mtu wa kijiji cha pili atamtambua siku akimkuta shambani kwake. Picha hiyo moja inaweza kuwa na faida kuliko picha kumi za mavuno.

Kwa hiyo jenga mazoea ya kupiga picha msimu mzima, siku ya kupanda, siku ya ugonjwa, siku ya kuvuna, na kutoka mahali palepale. Chomeka kijiti pembeni mwa shamba, uwe unasimama hapo kila mara. Mwisho wa msimu utakuwa na picha zinazolingana, na hakuna atakayebisha.

4. Kupiga kwenyewe

Huhitaji kamera ya gharama. Simu ya kawaida inatosha ukizingatia haya.

Futa lenzi kwa kitambaa laini na safi kabla ya kupiga. Simu inayokaa mfukoni pamoja na vumbi na jasho hutoa picha zenye ukungu, na watu hudhani simu ni mbovu.

Piga asubuhi au jioni. Saa sita mchana jua linakuwa utosini, uso wa mtu unapata kivuli cheusi chini ya kofia na majani yanang'aa kupita kiasi. Kama ni mazao ya stoo, usipige ndani gizani chini ya taa. Leta sampuli mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kivulini, ili rangi ya punje ionekane ilivyo.

Usivute picha kwa vidole ili kitu kikaribie. Sogea wewe kwa miguu yako. Ukivuta, simu inakuza tu na picha inaharibika.

Piga mara tatu au nne kila unachopiga, kisha chagua ofisini au nyumbani ukiwa umetulia. Pale shambani jua linakudanganya kwenye kioo.

5. Kuandaa: kipi ruksa, kipi si ruksa

Kabla hujagusa chochote, tengeneza nakala ya picha na uiache ile ya mwanzo kama ilivyo. Siku ukiulizwa, unayo.

Kunyoosha picha iliyoinama ni sawa. Kuongeza mwanga kidogo kwenye picha yenye giza ni sawa. Kupunguza pembeni ili kuondoa kidole chako kilichoingia ni sawa. Lakini jiulize unapopunguza: je, ninachokiondoa kingebadilisha mawazo ya msomaji? Kama ndiyo, kiache. Hata mimi ningeweza kuwa na picha yenye kalavati nikaikata.

Kubadilisha rangi si ruksa. Zile filta za kung'arisha ni za harusini, shambani hazifai. Kwetu sisi wakulima rangi ni habari. Mahindi yakipungukiwa naitrojeni, umanjano huanzia majani ya chini, kwenye ncha, ukashuka katikati ya jani. Ukiweka filta ya kijani, umeufuta ugonjwa kwenye picha huku shambani bado upo. Na wewe mfanyabiashara, ukiyang'arisha maharage yako kwenye simu, mnunuzi atakapofungua gunia atapunguza bei, na safari ijayo hatakuamini hata ukisema kweli.

Na usiazime picha ya mtu mwingine kutoka mtandaoni ukaiweka kwenye simulizi yako. Hilo si shamba lako, na atatokea anayelijua.

6. Watu na vitu vilivyomo kwenye picha

Omba ruhusa. Usimpige mtu akiwa ameinama shambani kisha umbandike bila yeye kujua. Mwambie picha itawekwa wapi na nani ataiona. Mtu anaweza kukubali picha ya kikundi na akakataa hii itakayobandikwa Dodoma viwanja vya Nzuguni mbele ya umati. Akikataa, msikilize. Kwa watoto, ongea na mzazi au mlezi, na epuka kuonyesha sare inayotaja shule. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria hiyo, heshima ilikuwepo.

Kisha tazama nyuma ya mtu. Mama mmoja mwenye duka la pembejeo alipiga picha nzuri, ametabasamu, rafu zimejaa. Ukutani nyuma yake kulikuwa na karatasi ya wadaiwa, majina na kiasi. Picha ilipofika kwenye kundi la kijiji, watu hawakuzungumzia duka. Walisoma majina. Wateja wawili walihama, na mmoja wao alikuwa ameshalipa ila jina lake halijafutwa.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, pitisha macho pembe zote nne za picha. Angalia daftari la madeni, kitambulisho, namba za simu, ujumbe wa fedha kwenye kioo cha simu nyingine, dawa za hospitali mezani. Kama ni stoo iliyojaa, fikiri mara mbili. Picha ya magunia 60 inamfurahisha mnunuzi, lakini mwizi naye ana simu. Piga gunia moja lililofunguliwa, idadi uitaje kwa mnunuzi peke yake. Pia simu nyingi zikiwa zimewashiwa kipengele cha mahali, huhifadhi ndani ya picha alama ya pale ilipopigwa. Kizime kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga picha za stoo au nyumbani.

7. Maelezo chini ya picha

Kila picha iwe na sentensi moja au mbili chini yake. Taja ni nini, ni wapi, ni lini. Halafu ongeza jambo moja ambalo picha haiwezi kulionyesha. Kwa mfano: "Alizeti, kona ya chini ya shamba darasa, mwezi Machi. Kona hii hupata maji ya kalavati. Sehemu ya juu haikufanya vizuri." Maneno hayo yangetosha kuwaacha mbuzi wa mzee zizini.

Kwa kuwa picha hutembea bila maneno yake, kama nilivyojifunza, unaweza kuandika maelezo hayo juu ya picha yenyewe kwa chini, herufi zinazosomeka, bila kufunika kitu cha muhimu.

Ukinitumia kwa WhatsApp, itume kama dokumenti badala ya picha ya kawaida. Ikienda kama picha ya kawaida hubanwa ikapungua ubora, na tukiichapisha kwa ukubwa wa ubaoni inatoka na ukungu. Ipe na jina, kwa mfano "alizeti kona ya chini Machi", ili nisichanganye yako na ya mwenzako.

Picha ya mzee

Mtaniuliza mzee aliishia wapi. Nilimwambia nataka kumsaidia kununua walau mbuzi mmoja. Alikataa. Akasema hakuja kudai, alikuja kujua. Aliniomba jambo moja: nikapige picha ya shamba lake, niibandike pembeni ya ile yangu.

Tulikwenda. Mabua yalikuwa bado yamesimama, membamba, vichwa vimeinama vikiwa vitupu. Nilimuuliza kama anapenda aonekane. Akafikiri, akasema nimpige kwa nyuma, akiwa na kofia yake, na jina nisiandike. Nikampiga akitazama shamba lake.

Nane Nane ya mwaka ule nilibandika picha tatu: ya kona ya chini, ya kalavati, na ya shamba la mzee. Chini yake niliandika kilichotokea, pamoja na kosa langu. Nilidhani wakubwa wangu wataniita. Hawakuniita. Lakini niliona jambo ambalo sikulitegemea: watu waliipita haraka ile picha nzuri, wakasimama kwenye ya mzee. Waliuliza udongo wake ulikuwaje, alipanda tarehe ngapi, mvua ilikata lini. Wakulima wawili wenye mashamba ya kichanga walikaa nami karibu saa nzima tukizungumza mtama, kupanda mapema, na kukinga maji ya mvua yasipotee.

Ile picha ya alizeti bado ninayo kwenye simu. Kila msimu mtu huniletea akiwa ameipata kwa mwingine na kuniuliza mbegu gani ile. Namjibu, kisha namtumia na ile ya kalavati.

Basi ndugu yangu, unapoandaa simulizi yako mwaka huu, zitandaze picha zako zote, uzitazame kwa jicho la mtu mwenye mbuzi wawili tu. Kisha chagua.

Nawatakia kazi njema na mavuno mema. Mwenye swali aniulize, ofisi iko wazi, na nikiwa shambani mnajua pa kunipata.